Umepasuliwa mgongo, na maumivu yangali: namna ya kuishi nayo hapa Kisangani

«Walinipasua, pesa ya familia ikaisha, na mgongo ingali inauma.» Maneno ya namna hiyo si mageni hapa Kisangani. Wengine walipasuliwa Kinshasa, wengine Goma, wengine walivuka mpaka hadi Kampala, na wachache walifika mpaka India. Wanarudi nyumbani Mangobo, Kabondo ama ng'ambo ya mto kule Lubunga, majirani wanakuja kupongeza, kovu linapona vizuri. Halafu mwezi wa tatu ama wa sita mtu anaamka shingo ni ngumu kama ubao, ama kiuno kinawaka. Hapo maneno yanaanza. Daktari alikosea. Ile chuma waliyoweka inaoza ndani. Kuna mtu wa familia anamshika. Mgonjwa mwenyewe hajui tena amwamini nani, na mara nyingi anaanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja ili akapasuliwe tena.

Kabla ya kuuza hicho kiwanja, papa, mama, tusomeshane kidogo.

Upasuaji uliweza nini, na haukuweza nini

Uti wa mgongo una pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, na chini yake mifupa iliyoungana. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kitu kama godoro dogo. Ndani ya mifupa hiyo unapita mfereji wa neva. Diski ikitoka mahali pake na kubana neva, maumivu yanateremka mguuni, ile wengi wanaita siatiki. Ikiwa ni shingoni, yanateremka mkononi pamoja na ganzi, kansende tunavyosema.

Mpasuaji anaondoa kile kinachobana. Kazi hiyo anaiweza, na mara nyingi maumivu ya mguu ama ya mkono yanapungua ndani ya siku ama majuma machache. Lakini maumivu ya mgongo wenyewe, yale ya kuinama shambani ama kukaa kutwa sokoni, hayakuwa ndiyo yaliyompeleka na kisu. Hapo ndipo kutoelewana kunaanzia: mgonjwa alitegemea mgongo mpya, daktari aliahidi neva iliyofunguliwa. Ungeulizwa wazi kabla, pengine usingekasirika hivyo baadaye.

Vitabu vya udaktari vinataja kwamba kati ya watu 10 na 40 kwa kila 100 waliopasuliwa kiuno wanabaki na maumivu, kulingana na aina ya upasuaji na namna walivyohesabiwa. Zamani madaktari waliita hali hiyo «upasuaji wa mgongo ulioshindwa». Jina hilo linaachwa sasa, maana linamshitaki mtu kabla ya kuchunguza.

Sababu zenyewe ni nyingi. Neva iliyobanwa muda mrefu inapona polepole sana, ikikua inakwenda karibu milimita 1 kwa siku, kwa hiyo kutoka kiunoni mpaka unyayo ni safari ya miezi. Diski inaweza kutoka tena. Kovu la ndani linaweza kuvuta neva. Kama pingili mbili zilifungwa pamoja kwa parafujo, zile za jirani zinabeba mzigo wa zaidi. Misuli iliyolala majuma mengi kitandani imekuwa dhaifu. Na mwili ulioumia miaka unaweza kuzoea kupiga kengele hata pale moto umekwisha zimwa. Maumivu hayo ni ya kweli, si ya kujifanya, lakini hayamaanishi kwamba kuna kitu kinavunjika.

Kwetu kuna moja ya kuongeza: kifua kikuu cha mifupa, kinachokula pingili hata mgongo ukapinda. Waliopasuliwa kwa sababu hiyo wanapaswa kumeza vidonge kwa miezi mingi, mara nyingi 9 mpaka 12, hata kama wanajisikia wazima mwezi wa pili. Dawa hizo hutolewa bure katika vituo vya afya vinavyotibu kifua kikuu. Aliyeacha katikati, na sasa mgongo unauma usiku, anakonda na kutoka jasho, arudi kituoni. Asitafute mchawi.

Dalili ambazo hazingoji asubuhi

Maumivu mengi yanaweza kungoja siku ya kumwona daktari. Haya hayangoji, hata kama ni usiku na mvua inanyesha: mkojo umekataa kutoka ama unatoka wenyewe, haja kubwa inakuponyoka, sehemu za siri na mahali unapokalia pameingia ganzi, mguu unazidi kukosa nguvu. Kwa aliyepasuliwa shingo, vidole vinavyoshindwa kufunga vifungo vya shati na miguu inayoyumba kama ya mlevi ni dalili ya kamba kuu ya neva kubanwa. Homa pamoja na kidonda kinachotoa usaha au maji, vilevile. Na ukianguka kwenye pikipiki baada ya kuwekewa chuma, usiseme «itapita».

Je, nipasuliwe tena?

Pengine ndiyo: kama picha inaonyesha diski imerudi kubana neva ile ile, kama parafujo imelegea, kama kuna maambukizi. Lakini pale picha haionyeshi sababu iliyo wazi, kupasua kwa kutafuta ni hatari, na kwa kawaida kila upasuaji unaoongezwa, nafasi ya kupata nafuu inapungua. Rais John F. Kennedy wa Marekani alikuwa na pesa na madaktari wa kila aina. Alipasuliwa mgongo mara 4 kati ya 1944 na 1957. Ule wa 1954, alipowekewa bamba la chuma, ulimletea maambukizi hata padri akaitwa kumpa sakramenti ya wagonjwa, na mwaka uliofuata bamba likatolewa. Maumivu yakabaki. Kilichomsaidia kwa kuonekana kilikuja mwishoni mwa 1961: daktari Hans Kraus alimfanyisha mazoezi ya misuli mara 3 kwa juma. Hata yeye, basi.

Ukienda kutafuta shauri la daktari wa pili, beba karatasi. Ripoti ya upasuaji, picha zote za zamani na jina la chuma kilichowekwa, kama liliandikwa. Watu wengi wanaacha hayo hospitalini na kuondoka na risiti tu. Omba nakala, ni haki yako. Zipige picha kwa simu, na filamu ziweke ndani ya plastiki mbali na paa linalovuja. Picha ya radio (sio hii redio unayosikiliza!) inaonyesha mifupa na vyuma, haionyeshi neva. Kwa neva kunahitajika IRM, ama skana pale IRM haipatikani.

Na hapa kuna jambo la wakaaji wa mji huu hasa. Wengi wangali na vipande vya mabomu mwilini tangu vita vya Siku Sita, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mitaa yetu. IRM ni sumaku kubwa mno. Parafujo za upasuaji wa siku hizi, za titani, kwa kawaida hazisumbui, lakini kipande cha chuma cha bomu kinaweza kusogea ama kupata moto. Sema kabla ya kulazwa kwenye mashine, hata kama kovu ni dogo na wewe ulikuwa mtoto. Wataanza na radio ya kawaida kuangalia kama kipande kipo.

Mwili unataka kutembea

Shauri la «lala tu, usiguse kitu» limeharibu watu. Baada ya zile siku za kwanza alizoagiza mpasuaji, kitanda kinakuwa adui. Anza na matembezi ya dakika 5 ama 10 mahali pa sawa, asubuhi kabla jua halijapanda na tena jioni, na kila juma ongeza kidogo. Mtego mkubwa ni siku ya nafuu. Mama anaamka bila maumivu, anafua nguo za nyumba nzima, anatwanga pondu, anapanga chumba. Kesho na keshokutwa hawezi kuinuka. Afadhali kazi kidogo kila siku, kwa kipimo, unapumzika kabla maumivu hayajakuambia upumzike.

Mtu wa kinezi, pale unapompata, anafaa kuliko sindano nyingi. Mkimwona mara chache tu kwa sababu ya pesa, mwombe akufundishe mazoezi ya kufanya nyumbani na amfundishe pia mtu mmoja wa nyumba. Kwa kiuno, yanayotolewa mara nyingi ni kulala chali, magoti yamekunjwa, kubana tumbo na kuinua matako polepole, kisha kushusha. Kwa shingo: kukaa wima, kurudisha kidevu nyuma kama mtu anayekataa harufu, na kukutanisha mabega kwa nyuma. Yasianze kabla mpasuaji hajaruhusu, hasa kama pingili zilifungwa.

Mizigo sasa. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20. Igawe mbili za lita 10, mkono huu na huu, ama isukumwe kwenye kitoroli. Aliyepasuliwa shingo aachane kabisa na beseni kichwani, na kile kitunga cha mgongoni chenye kamba ya paji la uso, maana kamba ile inavuta shingo moja kwa moja. Najua, ndicho kinacholeta mihogo nyumbani. Basi ni hapo watoto wakubwa na shemeji wanapoonyesha kama wanakupenda. Beseni la kufulia lipandishwe juu ya benchi. Kinu pia kinachosha kiuno: twanga kidogo, pumzika, mguu mmoja mbele, ama peleka kwenye mashine.

Kwa safari, toleka si mbaya kwenye barabara nzuri. Keti ukimtazama dereva mgongoni, miguu huku na huku, sio upande-upande, na mwambie polepole. Mashimo ya mvua, shuka utembee. Ndugu tolekiste aliyepasuliwa mwenyewe ana swali gumu zaidi: kurudi kubeba watu wawili na mizigo mapema ni hatari, kukaa bila kazi ni njaa. Wengine huanza na abiria mmoja, safari fupi, saa chache, baada ya daktari kukubali. Si jibu kamili.

Mkanda wa kiuno unaouzwa sokoni usivaliwe mwaka mzima. Misuli inasahau kazi yake. Kuhusu kulala, si lazima ulale chini kwenye simenti. Lala ubavu na mto kati ya magoti. Mto wa kichwa ujaze nafasi kati ya bega na shingo, usiizidi.

Dawa: kidogo, na kwa hesabu

Parasetamoli ya miligramu 500, mtu mzima asipite vidonge 8 kwa siku, na pungufu ya hapo kama anakunywa pombe sana ama ini ni gonjwa. Diklofenaki, ibuprofeni na indosidi zinasaidia siku chache. Ukizinunua kila siku kwa miezi zinatoboa tumbo, zinaharibu figo na kupandisha tansiyo. Choo cheusi kama lami baada ya dawa hizi ni damu, nenda hospitali. Deksametazoni na prednisoloni zinazouzwa hovyo «kwa mgongo» zinaleta nafuu ya haraka, halafu sukari, uvimbe na mifupa dhaifu, na mifupa ndiyo unayotaka kuilinda. Tramadoli inashika mtu, na pamoja na pombe inaweza kuzima pumzi. Kwa maumivu ya neva, yale ya kuchoma kama umeme, daktari anaweza kuandika dawa nyingine, kama amitriptilini kidogo usiku. Zinachukua majuma kuonyesha kazi.

Wale wanaopita na chupa ya mizizi ya kutibu mgongo, bawasili na nguvu za kiume kwa pamoja, waache wapite. Kitambaa cha moto juu ya misuli hakina ubaya, mradi kidonda kimefunga na ngozi haina ganzi, usije ukaungua bila kusikia. Lakini mtu wa kuvuta na kukanyaga mgongo, ama wa kuchanja wembe juu ya kovu, asiguse mgongo uliopasuliwa.

Usiku ndiyo saa mbaya. Maumivu ya muda mrefu yanaleta huzuni, hasira, kukosa usingizi, na kukosa usingizi kunazidisha maumivu. Mume anayekasirika bure, mama anayelia peke yake, mwambieni daktari hayo pia, kama mnavyosema kuhusu mguu. Na nyumbani, msimwulize mgonjwa kila asubuhi kama bado inauma. Mwulizeni leo ametembea mpaka wapi.