Wimbo wa Pasaka Uliotoka Buhaya

Jina la Bumbire liliingia katika vitabu vya Ulaya mwaka 1875, Henry Morton Stanley alipogombana na wenyeji wa kisiwa hicho, akaondoka, kisha miezi michache baadaye akarudi na mitumbwi na bunduki kulipiza kisasi. Watu wengi waliuawa. Aliyesimulia ni Stanley mwenyewe. Waliopigwa risasi hawakuacha hata ukurasa mmoja. Hivyo ndivyo mwambao huu wa Buhaya, kando ya Ziwa Viktoria, kuanzia visiwa vya Muleba hadi Bukoba, ulivyotangazwa nje: kwa kalamu ya mgeni.

Ndiyo maana nauthamini sana mstari mdogo uliochapwa chini ya wimbo namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani. Unamtaja mtunzi wa Kiswahili, Bernard Kyamanywa, 1966.

Mwaka huo Kyamanywa, Mhaya aliyezaliwa 1938, alikuwa akisomea uchungaji Makumira, karibu na Usa River, Arusha. Mwalimu mmojawapo hapo alikuwa Howard Olson, Mmarekani aliyefika Tanganyika 1946, aliyewahimiza wanafunzi watunge kwa mahadhi ya kwao. Sababu yake anaijua kila mwanakwaya. Tuni nyingi za Ulaya hukaza silabi ya mwisho, ilhali Kiswahili hukaza ile inayoitangulia. Ukiifuata noti, neno linapinda mdomoni. Nyimbo za Kijerumani zilizoletwa Buhaya na wamisionari wa shirika la Betheli tangu 1910 zilikuwa na shida hiyo hiyo, hata tafsiri iwe nzuri namna gani.

Kyamanywa aliandika “Mfurahini, Haleluya”. Beti zinasimulia habari za kaburi na malaika, na kiitikio kinawaachia watu wote waimbe kwa nguvu. Ni simulizi ya kuitikiana, kama tulivyozoea kuimba ngomani.

Wimbo ukamfikia Ulrich Leupold huko Waterloo, Kanada. Huyu alizaliwa Berlin 1909, akapata udaktari wa muziki hapo hapo, kisha akalazimika kuihama Ujerumani ya Wanazi kwa sababu mama yake alikuwa na asili ya Kiyahudi. Mwaka 1965 alikuwa ametoa juzuu ya 53 ya maandishi ya Luther kwa Kiingereza, inayohusu ibada na nyimbo. Sioni ajabu kwamba mtu aliyekaa na Luther kiasi hicho aliitambua haraka thamani ya wimbo wa watu. Mwaka 1969 aliutia katika Kijerumani, na ndio huo wimbo namba 116. Mwaka uliofuata akafariki. Karatasi zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Wilfrid Laurier, mjini humo humo.

Olson naye aliutafsiri kwa Kiingereza, pamoja na “Njoo Kwetu, Roho Mwema” wa Wilson Niwagila, mchungaji mwingine kutoka Kagera. Mkusanyo wake wa Kiswahili, Tumshangilieni Mungu, ulianza kutoka 1968.

Basi Leupold ana jalada lake, mtunzi ana jina lake. Tuni ndiyo iliyobaki bila mwenyewe: vitabu vinaandika tu kwamba imetoka Tanzania. Hilo linaniuma, kwa kuwa nchi haitungi tuni. Kuna koo lililoianza. Katika familia za wanakwaya bado mna madaftari ya solfa yaliyoandikwa kwa mkono, pembeni pana jina la kijiji au la aliyefundisha. Mwenye daftari la namna hiyo, awe Bukoba, Muleba au Bumbire, alipeleke usharikani lipigwe picha kurasa zote, hata zilizoliwa na mchwa.