Kibarua cha kusaka maprofesa wa sayansi ya ubongo katika vyuo vya umma

MTOTO anayeugua kifafa huko Sigor, eneobunge la Chepalungu, Kaunti ya Bomet, hahitaji dawa pekee. Anahitaji pia wasomi waliobobea katika sayansi ya ubongo na neva, kwani hao ndio huwafunza madaktari na watafiti watakaomhudumia.

Sigor hiyo, ambayo si ile ya Pokot Magharibi, ina vyuo viwili vya umma katika ujirani wake: Chuo Kikuu cha Kabianga, Kericho, kilichopewa hati mwaka wa 2013, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Bomet, kilichoanzishwa 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Moi.

Chuo cha umma kinapomtafuta profesa mwenye tajriba, sharti la kwanza ni sheria. Kifungu cha 232 cha Katiba ya 2010 chataka uteuzi katika utumishi wa umma uzingatie ushindani wa haki na ustahili. Hivyo, nafasi hutangazwa na waombaji husailiwa.

Kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) za 2014 nazo humtaka profesa awe na shahada ya uzamifu, machapisho ya kitaaluma na rekodi ya kuwasimamia wanafunzi wa shahada za juu.

Kikwazo kikubwa ni fedha. Mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulidumu siku 49, kiini chake kikiwa malimbikizo ya Sh7.9 bilioni ya mkataba wa 2017-2021. Msomi aliye na kazi ng'ambo huyapima hayo kabla ya kufunga virago.

Mshahara pekee hautoshi. Mtafiti wa neva huuliza kuhusu maabara, mitambo ya kupima mawimbi ya ubongo, hospitali ya kushirikiana nayo na muda wa utafiti. Bila hayo, tajriba yake hudorora.

Hata hivyo, mifano ipo. Mjini Eldoret, kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Moi kilianza ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, mnamo 1989, na wahadhiri kutoka huko wakaishi na kufunza nchini.

Mjini Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanza mwaka uo huo, kilimvutia Charles Newton, aliyechunguza malaria ya ubongo na kifafa miongoni mwa watoto.

Wasomi wa fani hii barani pia wana chama chao, SONA, kilichoasisiwa jijini Nairobi mwaka wa 1993. Kupitia kwake, chuo kinaweza kuwafikia wataalamu Waafrika walio ndani na nje ya bara.

Funzo ni kwamba profesa hafuati tangazo tu, bali hufuata kazi inayowezekana. Chuo kinachoanza na uchunguzi wa kifafa au kiharusi, hospitali ikiwa mshirika, kina la kumwonyesha. Kinachotangaza nafasi tupu hungoja sana, na mtoto wa Sigor hungoja pamoja nacho.