Uchanganuzi wa data katika ugavi wa pamba mkoani Simiyu

Uchanganuzi wa data katika ugavi wa pamba ni matumizi ya takwimu na modeli za kihisabati kupanga safari ya zao hilo, kuanzia mbegu anayopelekewa mkulima hadi marobota yanayofika bandarini. Simiyu, mkoa wa kaskazini mwa Tanzania ulioanzishwa mwaka 2012 wenye makao makuu mjini Bariadi, ndio unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Wakulima wake wengi ni wadogo, nao wametawanyika katika wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu.

Kutoka shambani hadi kiwandani

Pamba hupandwa kuanzia Novemba, na ununuzi hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei chini ya usimamizi wa Bodi ya Pamba Tanzania. Mkulima hupeleka pamba mbegu kwenye chama cha ushirika cha msingi (AMCOS), hupimiwa kwenye mizani, kisha mnunuzi huisafirisha kwa lori hadi kiwanda cha kuchambua pamba. Huko takriban theluthi moja ya uzito huwa nyuzi. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni mbegu, ambazo hukamuliwa mafuta au kurudi shambani. Robota moja huwa na kilo 181 hivi, kwa hiyo lori la tani 10 za pamba mbegu hutoa marobota 18 au 19. Kwa hesabu za namna hiyo hujulikana mapema ni magunia, malori na fedha taslimu kiasi gani vitahitajika, na katika kituo gani.

Makisio ya mavuno

Ugumu mkubwa uko mwanzoni mwa mnyororo. Makisio ya kawaida ni ekari zilizolimwa mara kilo zinazotarajiwa kwa ekari, lakini ekari nyingi hukadiriwa kwa macho au kwa hatua, na shamba lililoandikwa kuwa la pamba huenda nusu yake ni mahindi.

Nafasi ya kupandia nayo hubadilisha hesabu. Kwa sentimita 90 kwa 40, ekari moja huwa na mashimo 11,000 hivi. Kwa sentimita 60 kwa 30, nafasi ambayo Bodi imekuwa ikiihimiza, mashimo huzidi 22,000. Mahitaji ya mbegu huwa karibu maradufu, ingawa daftari bado linaonyesha ekari ileile. Kosa hilo huonekana shambani. Kijiji kilichoandikiwa ekari pungufu hukosa viuadudu wakati funza wa vitumba wameshaingia, na dawa inayofika baadaye haiokoi vitumba vilivyokwisha kutobolewa. Kijiji kilichoandikiwa ekari za ziada hubaki na chupa ghalani.

Kutegemea takwimu za mwaka uliopita pekee ni hatari. Mavuno ya taifa yalikuwa karibu tani 350,000 katika msimu wa 2019/20, yakashuka hadi takriban tani 120,000 msimu uliofuata. Aliyepanga kwa takwimu za mwaka wa kwanza alikosea karibu mara tatu.

Bei nayo ni data. Mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, huku bei ya dunia ikishuka. Wanunuzi walisita, na wakulima wengi walicheleweshewa malipo ingawa pamba ilikuwa imeshavunwa.

Satelaiti

Picha za satelaiti za Sentinel-2, zinazotolewa bure na Ulaya tangu 2015, huonyesha ardhi kwa vipimo vya mita 10. Shamba la ekari moja huingia katika vipimo 40 hivi, idadi inayotosha kukadiria eneo lake. Mawingu ya masika huziba picha hizo, ndiyo maana data ya rada ya Sentinel-1 huongezwa. Hata hivyo, kompyuta haiwezi kutofautisha pamba na choroko bila mtu aliyefika shambani na kuandika kilichopandwa.

Upangaji wa usafiri

Swali la kituo gani kipeleke pamba kiwanda gani kwa gharama ndogo ni tatizo la usafirishaji, lililoelezwa kihisabati na Frank Hitchcock mwaka 1941. Barabara ya lami ya Mwigumbi–Maswa–Bariadi–Lamadi hurahisisha jibu kwa vituo vilivyo kando yake. Kwa vituo vya ndani, umbali wa ramani hudanganya: mto ukijaa, kilomita 20 zinaweza kuwa safari ya siku nzima. Modeli nzuri hutumia saa za safari kwa kila mwezi badala ya kilomita.

Mfano wa dawa

Taarifa rahisi zinazotumwa mara kwa mara zimewahi kufanya kazi kubwa nchini katika mnyororo mwingine. Katika jaribio la SMS for Life la 2009–2010, vituo 129 vya afya katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini vilituma kila wiki idadi ya dawa za malaria kwa ujumbe wa simu. Vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa hizo vilipungua kutoka asilimia 78 hadi 26 katika wiki 21.