Nyumba ya Bibi Iliyovunjwa Ng'ambo: Pa Kuanzia Kuitafuta

Familia nyingi za mjini Unguja zina nyumba ambayo haipo tena. Ilikuwa Michenzani, Kikwajuni au Kisima Majongoo, mitaa ya Ng'ambo. Bibi alizaa na kulea humo, kisha ikavunjwa kupisha majumba ya maendeleo. Wajukuu wakitaka kujua historia yake, huanza kwa kutafuta hati ya nyumba. Wengi hukwama hapo hapo, kwa sababu Ng'ambo mwenye nyumba na mwenye kiwanja mara nyingi walikuwa watu wawili tofauti.

Ng'ambo ilikua upande wa pili wa hori la bahari lililoitenga na Mji Mkongwe, na ramani ya mji ya 1892 tayari inaionyesha imejaa vibanda. Baada ya amri ya 1897 ya kukomesha utumwa, wengi walioachwa huru walihamia huko kutafuta maisha. Walipata kiwanja kwa tajiri au kwenye ardhi ya wakfu, wakajijengea. Nyumba ilikuwa mali yao, wakiweza kuiuza na kuirithisha. Ardhi haikuwa yao. Miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi.

Ujenzi wenyewe ulikuwa wa boriti na fito, kuta zikakandikwa udongo na kupakwa chokaa, juu makuti. Mbele palikuwa na baraza ya kukalia jioni. Ukivuka mlango, unaikuta njia iliyonyooka hadi uani, vyumba huku na huku, na nyuma jiko na choo. Chumba kimoja au viwili vilipangishwa, na kodi yake ikamtunza mwenye nyumba uzeeni.

Nyumba ya namna hiyo haikuhitaji ramani ya msanifu wala mkataba mrefu. Kilichoandikwa mara nyingi ni kodi ya kiwanja aliyolipwa mwenye ardhi. Kodi hiyo ilipopandishwa kupita kiasi, watu wa Ng'ambo waligoma kulipa mwaka 1928, na serikali ya kikoloni ikalazimika kutunga sheria ya kuidhibiti. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mzee wa ukoo ni hili: bibi alikuwa akimlipa nani kodi ya kiwanja?

Jibu likipatikana, njia inafunguka. Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu, Kilimani, inahifadhi majalada ya serikali ya zamani, yakiwemo ya wakfu na ya mirathi. Tafuta kwa jina la mwenye ardhi kwanza, ndipo umtafute bibi. Yeye mtafute kwa jina lake na la baba yake, kwa kila tahajia unayoweza kuifikiria, kwani karani aliandika alivyosikia.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ikawa mali ya serikali, na mnyororo wa kodi ukakatika. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki walisaidia kuchora mpango mpya wa mji, na majumba marefu ya Michenzani yakaendelea kupanda miaka ya 1970, hata baada ya Rais Karume kuuawa Aprili 1972. Waliohamishwa walipoteza nyumba na majirani kwa pamoja. Baadhi yao walipata fleti zenye maji ya bomba na umeme.

Kuanzia hapo, hazina iliyobaki ni majirani hao. Waulize walichota maji kisima gani, walisali msikiti upi, nani alikaa mlango wa pili. Majibu ya watu watatu yakikutana, mahali pa nyumba panajulikana. Warekodi sasa, maana waliokuwa vijana wakati wa bomoabomoa ni wazee leo.

Kazi hii ina thamani kubwa kuliko kujua tu kuta zilisimama wapi. Bibi asiye na ardhi alijenga, akapangisha, akarithisha, na kizazi chake kiligoma kikidai haki. Jina lake linastahili kuandikwa katika historia ya mji huu, na wa kuliandika ni sisi wajukuu wake.