Jiwe na Mkono wa Fundi

Wako watu wadhanio ya kuwa fundi huwaza yote kichwani kwanza, kisha mkono hutii tu kama mtumishi. Habari za Michelangelo, mchonga sanamu wa Italia, zatuonyesha kwamba sivyo.

Alizaliwa mwaka wa 1475, akapewa mama wa kumnyonyesha katika kijiji cha Settignano, na mume wa mama yule alikuwa mkata mawe. Hata uzeeni Michelangelo alisema kwa mzaha ya kuwa tindo na nyundo alizipata pamoja na maziwa yale.

Basi katika mji wa Florence lilikuwako jiwe kubwa la marumaru, lililotoka Carrara. Mwaka wa 1464 fundi Agostino alianza kulichonga, akaliacha. Mwaka wa 1476 akapewa mwingine, naye akaliacha. Likakaa uani mwa kanisa kuu yapata miaka 25, likipigwa na mvua. Mwaka wa 1501 Michelangelo, kijana wa miaka 26, akapewa kazi ya kumchonga Daudi katika jiwe lilo hilo.

Lilikuwa refu lakini jembamba, tena limekwisha kukatwa na wengine. Donatello aliyetangulia alimfanya Daudi amekwisha kushinda, kichwa cha Goliathi ki chini ya mguu wake. Michelangelo alimsimamisha kombeo begani, vita havijaanza bado. Unene wa jiwe haukutosha kumnyosha mikono mbele. Kwa hiyo nguvu za kijana zaonekana katika shingo iliyogeuka, na mishipa ya mkono, na macho yanayomtafuta adui. Kazi iliisha mwaka wa 1504, urefu wake zaidi ya mita 5, na watu zaidi ya 40 waliikokota siku nne mpaka mbele ya nyumba ya baraza.

Mwaka wa 1505 alikwenda mwenyewe Carrara, akakaa milimani yapata miezi minane akichagua mawe ya kazi nyingine.

Wazazi wengine hunung'unika wakiona watoto wao shuleni wameshika udongo na patasi. Mimi nami nalidhani zamani ya kuwa kazi hiyo haina akili. Siku moja nilichora ubaoni umbo la mpini, nikawaamuru wanafunzi waufuate. Mipini yote ilivunjika, ila wa kijana mmoja aliyeuacha mchoro wangu akafuata nyuzi za mti. Siku hiyo mwalimu alikuwa yeye.