Safu ya Lugha: Ada, Kodi na Ushuru
Kila mvua inapofurisha mitaro ya Nyamira na kuusomba udongo mwekundu hadi vizingitini mwa maduka, husikika kauli kwamba malipo yoyote ya kuiondoa adha hiyo ni "kodi nyingine", na kauli hiyo haina usahihi. Ushuru, ambao katika Kiarabu asili yake ni sehemu ya kumi, hutozwa bidhaa forodhani na sokoni; kodi huingia hazina bila ya kumwahidi mlipaji huduma mahsusi; ama ada, neno lililotokana na desturi, ni malipo ya huduma iliyotajwa, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, iliyozikabidhi kaunti kazi ya maji ya mvua mijini, imeziruhusu pia kutoza malipo ya huduma zao.

Mji wa Bellevue nchini Marekani ulianza utaratibu wa kutoza ada ya maji ya mvua mwaka 1974, na miji mingi yenye ada hiyo hupima eneo la paa na saruji lisilopenyeza maji, hata mwenye uwanja wa lami akalipa zaidi ya mwenye shamba la migomba. Basi tukikusudia ada tuseme ada, kwani mlipa ada ana haki ya kudai mtaro uliozibuliwa.