Kutoka Athi River hadi Mlimani: Maktaba za Vyuo Vikuu na Karatasi Zake Kuukuu

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Daystar iliyoko Athi River, kaunti ya Machakos, bado ni changa. Kampasi yenyewe, karibu na vilima vya Lukenya, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na chuo kikapata hati ya serikali mwaka 1994. Vitabu, hata hivyo, vilikitangulia chuo. Daystar ilizaliwa Bulawayo mwaka 1964 ikiwa nyumba ya uchapishaji, ikahamia Nairobi katika miaka ya 1970 na kufundisha mawasiliano, na baadaye ndipo ilipopata nafasi ya kutanuka huku kwenye mbuga, katika mji ambao mgeni huujua zaidi kwa saruji na nyama. Kwa kawaida mambo huenda kinyume: chuo huanza, kisha kikafungua matbaa yake.

Anayeingia humo akitafuta dari za juu na ngazi za mbao za mamia ya miaka hatazipata, wala hatazipata Nairobi, Kampala au Dar es Salaam. Majengo ya maktaba za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki karibu yote ni ya nusu ya pili ya karne ya 20 na baada yake. Ukale wa maktaba hizi umo kwenye makabati.

Ukoo wa maktaba hizo unaanzia Makerere. Shule ya ufundi iliyofunguliwa Kampala mwaka 1922 ilipandishwa mwaka 1949 kuwa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha London. Kwa miaka kadhaa kijana wa Machakos, wa Moshi au wa Zanzibar aliyetaka shahada bila kuvuka bahari alikuwa na mlango huo mmoja tu, na maktaba yake ikakusanya maandishi ya kanda nzima. Mwaka 1958 sheria ikawataka wachapishaji wa Uganda wapeleke huko nakala za kila wanachochapa. Mwaka 1963 ikaanzishwa hapo hapo Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki, na wakutubi waliofunzwa huko wakaenda kuendesha maktaba za nchi jirani. Miaka ya Idi Amin iliiumiza Makerere: walimu walikimbia, fedha za kigeni zikaadimika, majarida ya ng'ambo yakakoma kufika.

Nairobi ilifuata kwa njia yake. Wahindi wa Afrika Mashariki walikuwa wamechanga fedha za kujenga chuo cha kumkumbuka Mahatma Gandhi. Mchango huo ukaunganishwa na Chuo cha Ufundi cha Kifalme, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Maktaba ya chuo ikabeba jina la Gandhi, na sanamu yake ingali uani. Jengo kubwa linalotumika leo, lenye jina la Jomo Kenyatta, lilikuja baadaye sana. 

Dar es Salaam ilianza kwa unyonge zaidi na ikaishia na hazina kubwa kwa msomaji wa Kiswahili. Oktoba 1961 chuo kilifunguliwa kwa wanafunzi 14 wa sheria ndani ya jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba. Kilipanda Mlimani, kilipo hadi leo, mwaka 1964. Mwaka 1962 Tanganyika nayo ilikuwa imetunga sheria ya kuweka akiba ya machapisho, na maktaba ya chuo ikawa mpokeaji. Humo ndimo ulimokua mkusanyo wa Afrika Mashariki, uitwao East Africana, ambamo zimo pia nyaraka za Hans Cory, aliyeandika mengi juu ya mila na sheria za makabila ya Tanganyika.

Katika miaka ya 1960 mtafiti J. W. T. Allen alizunguka pwani akitafuta miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Ilikuwa imehifadhiwa majumbani, mingine ikisomwa bado, mingine ikiliwa na mchwa. Baadhi ilitolewa kwa maktaba hiyo ya Dar es Salaam, mingine ilipigwa picha na kurudishwa kwa wenyewe, na sauti za wasomaji zikanaswa kwenye tepu. Orodha ya mkusanyo huo ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Tepu hizo zina thamani yake, kwa kuwa utenzi haukutungwa usomwe kimyakimya, na hati za Kiarabu huacha sauti kadhaa za Kiswahili bila alama zake. Msomaji wa leo hukwama kwenye neno, ilhali aliyelelewa na utenzi ule alilitamka bila kusita.

Mwaka huohuo wa 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoviunganisha vyuo hivi vitatu tangu 1963, kilivunjwa. Vitabu vilibaki vilipokuwa. Ndiyo maana mtafiti Mkenya hujikuta akiifuata historia ya kwao Kampala au Dar es Salaam.

Safari nyingine ni ndefu zaidi. Miswada aliyoikusanya mmisionari William Taylor huko Mombasa iko katika chuo cha SOAS, London. Nakala ya Utenzi wa Tambuka ya mwaka 1728, mojawapo ya miswada ya kale kabisa ya Kiswahili inayojulikana, iko Hamburg. Hata rafu zina ugeni wake. Maktaba nyingi za vyuo katika kanda hii hupanga vitabu kwa utaratibu wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambamo fasihi ya Kiswahili imewekwa chini ya herufi PL, pamoja na Kichina na Kijapani. Mwanafunzi mgeni huhitaji kuelekezwa na mkutubi ili aifikie lugha yake mwenyewe.

Novemba 2018 Mlimani ilifungua maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 na vitabu 800,000. Sehemu ya miswada ya London nayo imewekwa kwenye intaneti, kwa hiyo msomaji aliyeketi Athi River anaweza kuukuza mstari mmoja wa Taylor mpaka aione mikwaruzo ya kalamu. Alama ya mtengenezaji iliyomo ndani ya karatasi, ionekanayo inapoinuliwa kwenye mwanga na kusaidia kukisia umri wake, kwa kawaida haitokei kwenye picha hizo. Hiyo humtaka mtu asafiri akiwa na barua ya utambulisho na penseli, kwa kuwa kalamu ya wino haikaribishwi mbele ya karatasi hizo, na asome humo humo chumbani, maana haziazimwi.